Adui wa Kilima Ngamba

Msiniulize ni nchi gani. Ni nchi njema, ina bendera, ina wimbo, na ina Idara ya Usalama inayowapenda wananchi kiasi cha kutotaka kuwaacha peke yao. Mimi nilikuwa Afisa Habari katika mojawapo ya wilaya zake. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wananchi mambo waliyoyaona kwa macho yao wenyewe, ili wasiyakosee.

Katika wilaya hiyo kulikuwa na Kilima Ngamba. Nusu yake ilikuwa imesimama, nusu nyingine ilikuwa imeliwa na kampuni ya kokoto ambayo mwenyewe hakujulikana, isipokuwa na watu wote. Juu ya ile nusu iliyosalia palikuwa na ukuta mnene wa mawe, umejipinda kama mkono uliokumbatia kitu, kisha unakatika ghafla pale machimbo yalipoanzia. Babu za babu zetu waliukuta ukuta ule, wala hawakujua nani aliujenga. Wachungaji walipumzishia mbuzi ndani yake. Hakuna aliyeushuku, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni ngome.

Kosa hilo lilisahihishwa na Dakta Mwanaheri Shekue.

Dakta Mwanaheri alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale kutoka chuo kikuu cha mji mkuu, mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyevaa kofia ya ukindu na buti za jeshi. Alipanda kilimani na mahema, brashi na miiko ya waashi, akawa anakwangua udongo kama mtu anayekwangua ukoko wa wali bila kutaka kutoboa sufuria. Kisha akashuka kwa furaha kumwarifu Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Luhende. Nami nilikuwepo ofisini, nikisubiri kuambiwa la kuandika.

"Ni ngome, Mheshimiwa," alisema, vumbi likimdondoka kwenye kope. "Ngome ya kale kabisa, ya kabla ya chuma, ya kabla ya maandishi. Watu walikuwa wakijifungia pale juu kujilinda."

Mheshimiwa Luhende, aliyekuwa akitafuna korosho, aliacha kutafuna. Alimtazama Bwana Mkwizu, Afisa Usalama wa Wilaya, ambaye alikuwa amekaa pembeni akijifanya anasoma gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa la mwaka uliopita. Habari mpya Bwana Mkwizu alikuwa nazo kabla hazijatokea.

"Kujilinda," Mheshimiwa alirudia taratibu. "Dhidi ya nani?"

"Hatujui, Mheshimiwa."

"Hamjui."

"Ni zamani mno. Maelfu ya miaka—"

Bwana Mkwizu alikunja gazeti. "Kwa maneno mengine," alisema, "wilaya hii ina adui ambaye hajakamatwa kwa maelfu ya miaka."

Dakta Mwanaheri alicheka. Alicheka peke yake. Alipotutazama mmoja mmoja akagundua kwamba ule haukuwa mzaha, akavua kofia, akaishika mapajani kama mtu aliyeingia msibani bila kujua.

*

Kamati ya Usalama ilikutana siku hiyo hiyo, na kesho yake Mheshimiwa akawahutubia wananchi uwanjani. Nilipanga vipaza sauti mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "hakuna adui mbaya kama adui wa kale, maana amepata muda wa kutosha kujificha. Msidanganyike na ukimya wake! Mtu asiyeonekana kwa miaka mingi namna hiyo, jiulizeni, anapanga nini?"

Tulijiuliza. Nakiri kwamba usiku huo nilifunga dirisha ambalo kwa kawaida sikulifunga.

Dakta Mwanaheri aliagizwa aendelee kuchimba, lakini sasa kwa niaba ya Kamati. Kila alichokitoa ardhini kilipelekwa kwanza kwa Bwana Mkwizu. Vigae vya vyungu alivihoji kwa jicho kali. Jiwe la kusagia nafaka alilizungusha mara nyingi, akitafuta mahali pa kulifungulia. Askari wawili waliwekwa kulinda mashimo, na wa tatu akawekwa kuwalinda wale wawili, kwa sababu walionekana kuelewana.

Ndipo Dakta alipokuta rundo la mawe ya mviringo, laini, makubwa kama mayai ya bata, yamepangwa vizuri nyuma ya ukuta. Bwana Mkwizu alikuwa amesimama juu ya shimo.

"Hayo nini?"

"Mawe ya kombeo," Dakta alijibu. Hakuwa amejifunza bado. "Walikuwa wakiwarushia watu waliokuja kuwashambulia."

"Silaha," Bwana Mkwizu alisema, na uso wake ukang'aa kama wa bwana harusi.

Kabla ya jua kupanda sana, magari ya askari yalikuwa yameingia Ngamba Chini. Hicho ni kijiji kilicho miguuni mwa kilima, upande wa mashariki, chenye udongo mweusi na mtama unaomzidi mtu kimo. Na kijiji kinacholima mtama lazima kifukuze ndege, na ndege hufukuzwa kwa kombeo. Karibu kila nyumba ilikuwa nalo. Lakini Mzee Mlekwa ndiye aliyekuwa na kubwa kuliko yote, tena alikutwa nalo mkononi, juu ya dungu la kulindia mtama, macho yake yakitazama mbali. Alipoulizwa anatazama nini, akasema kwelea. Alipoulizwa kwelea ni kundi gani na kiongozi wao nani, akacheka. Akachukuliwa.

Mkewe naye aliitwa kuhojiwa. Mimi nilikaa pembeni na kamera, kwa ajili ya jarida la wilaya.

"Jina lako?" Bwana Mkwizu alianza.

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Jina langu, baba."

"Hujui jina lako?"

"Nalijua. Sikujua."

Bwana Mkwizu aliweka kalamu chini. "Mama, unacheza na serikali?"

"Baba yangu aliniita Sikujua," alisema yule mama, bila kupandisha sauti. "Mama alizaa mapacha, mimi nikatoka wa pili. Baba akasema, sikujua. Sasa na mimi nikuulize, mwanangu. Mume wangu ana kifua. Mmempa blanketi?"

Hakujibiwa. Aliulizwa mababu zake walikuwa wapi ngome iliposhambuliwa. Bi Sikujua alifikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akasema kwamba yeye aliwakuta makaburini, na hapo ndipo alipowaacha.

Jioni Kamati ilitoa uamuzi. Adui, kama kila mtu mwenye elimu ya kijeshi ajuavyo, hushambulia ngome akitokea chini kwenda juu. Ngamba Chini iko chini. Kwa hiyo wakazi wote wa chini ya Kilima Ngamba ni wana wa adui, na watahamishwa baada ya mavuno kwenda mahali tambarare, ambapo hawatapata cha kushambulia. Shamba lao jeusi lingekabidhiwa mwekezaji. Kwa bahati njema mwekezaji alikuwa tayari amepatikana. Ilikuwa ile kampuni ya kokoto, ambayo mashine zake zilikosa pa kugeuzia.

*

Bi Sikujua alipeleka uji mahabusu kila asubuhi, na njia ya kwenda mahabusu ilipita kilimani. Asubuhi moja alikata kona, akaenda moja kwa moja hadi kwenye shimo alimokuwa Dakta Mwanaheri amepiga magoti. Mimi nilikuwa pale kuandika kuhusu maendeleo ya uchimbaji. Askari walimwachia apite. Nadhani ni kwa sababu ya harufu ya uji.

"Wewe ndiwe Dakta?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Bi Sikujua alichungulia shimoni. "Wewe umefukua mawe, mwanangu. Wao wamemfukia mume wangu. Basi nataka unionyeshe hayo mawe."

Dakta alimpa mkono, akamshusha taratibu. Alimwonyesha lile rundo. Bi Sikujua aliokota moja, akalipima kiganjani, akaliweka pale pale alipolitoa. Kisha akauliza kitu ambacho Kamati nzima haikuuliza.

"Yalimpiga nani?"

Nilimwona Dakta akitazama rundo, akatazama ukuta, akatazama nje ya ukuta kule mteremkoni. Nadhani hakulitazama rundo tena. Alikuwa akiutazama uso wa yule mama.

"Sijui, mama," alisema. "Lakini nitatafuta. Na nikipata nitasema."

Tangu siku hiyo alichimba kama mwenye homa. Alichimba ndani ya ukuta na nje yake. Alishuka hadi Ngamba Chini, akaomba ruhusa, akachimba pembeni ya nyumba za zamani. Hakucheka tena. Mheshimiwa Luhende alimwita chai, nikiwepo, akamwambia kwa upole kwamba taifa linafikiria kujenga Taasisi ya Ngome na litahitaji mkurugenzi. Kitu pekee kinachosubiriwa ni kauli yake ya kitaalamu kwamba adui alitoka Ngamba Chini.

"Na kama hakutoka huko, Mheshimiwa?"

"Basi tutaanza kujiuliza," alisema Bwana Mkwizu, akimwongezea sukari, "kwa nini mtu anamtetea adui asiyemjua."

Dakta alikoroga ile sukari asiyoiomba. Chai akaimaliza.

*

Baraza la kuamua shauri la Ngamba Chini lilikaa uwanjani ili haki ionekane. Mheshimiwa Luhende alikuwa mwenyekiti wa Kamati iliyoshtaki, na pia alikuwa mwenyekiti wa Baraza lililoamua, jambo lililookoa muda mwingi. Wana Ngamba Chini walikalishwa chini mbele. Mzee Mlekwa aliletwa kutoka mahabusu. Alikuwa amekonda, na alikohoa huku amefunika mdomo, kana kwamba hataki kusumbua.

Dakta Mwanaheri alisimama.

"Mawe ya kombeo tumeyakuta rundo moja, hayajarushwa. Nimechimba mteremko wote nje ya ukuta kutafuta yalikoangukia. Hakuna hata moja. Hakuna majivu ya ngome kuchomwa, hakuna mifupa ya watu waliouawa. Na ukuta haukuangushwa. Ulipunguzwa kuanzia juu kwenda chini, safu kwa safu, kama mtu anayebomoa nyumba yake mwenyewe ili matofali yasivunjike. Mawe ya ukuta huo nimeyakuta Ngamba Chini, kwenye misingi ya kale, pamoja na vigae vya vyungu vile vile. Mheshimiwa, hawa si wana wa adui. Hawa ndio wenye ngome. Walishuka."

Watu waligeuka wakatazamana. Bi Sikujua alimshika mumewe mkono.

"Walishuka kwa nini?" Mheshimiwa aliuliza.

"Nafikiri walichoka kuogopa. Walikaa pale juu wakimngoja adui, asije. Wakaona bora washuke walime."

"Nani aliwaruhusu?" Mheshimiwa akauliza.

Bwana Mkwizu aliinama, akamnong'oneza Mheshimiwa kwa muda. Mheshimiwa akatikisa kichwa, kisha uso wake ukakunjuka polepole kama mkeka.

"Baraza linamshukuru Dakta," alisema. "Amethibitisha kitaalamu kwamba watu wa Ngamba Chini ndio walioibomoa ngome ya taifa na kuiba mawe yake."

"Mheshimiwa, wakati huo hapakuwa na taifa!"

"Taifa lipo siku zote, Dakta. Wakati mwingine hujificha kwa sababu za kiusalama."

"Na ile nusu nzima ya kilima? Ile imeliwa na mashine za kokoto, juzi tu, kila mtu ameona!"

"Aliyeanza kubomoa ndiye aliyebomoa," alisema Mheshimiwa. Akasimama, kwa sababu maneno yaliyofuata hayakufaa kusemwa na mtu aliyekaa. "Baraza linaamuru. Kila jiwe lililotoka Kilima Ngamba lirudishwe kilimani, popote lilipo, kwa nguvu za wananchi hawa wenyewe, chini ya uangalizi wa Dakta. Atakayewazuia, yeye ndiye adui tuliyekuwa tukimtafuta. Wakimaliza, wahame!"

Mzee Mlekwa alifunguliwa pingu pale pale, maana adui amepumzishwa na mwizi anatakiwa kazini. Lakini Bi Sikujua alikuwa amenyoosha mkono.

"Mheshimiwa, nimeelewa. Nauliza tu. Popote lilipo?"

"Popote!"

"Hata likiwa kwa mkubwa?"

"Mbele ya sheria ya jiwe hakuna mkubwa!" alinguruma Mheshimiwa, na sisi watumishi wa serikali tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

*

Wana Ngamba Chini walifika kwa Mheshimiwa Luhende asubuhi ya Jumatatu, wanaume kwa wanawake, na mitaimbo, sururu na mikokoteni, wakiimba nyimbo za palizi. Dakta Mwanaheri alikuwa mbele na kioo chake cha kukuzia. Alipiga magoti kwenye baraza ya nyumba ya Mkuu wa Wilaya, akaipangusa kwa brashi. Jiwe la Ngamba halifanani na jingine. Ni jekundu, lina chembe nyeupe kama ufuta.

"Ni la kwetu," alisema Dakta.

Mtaimbo wa kwanza uliingia.

Mheshimiwa Luhende alitoka amevaa kikoi na fulana. "Mnafanya nini hapa?"

"Tunatii, Mheshimiwa," alijibu Mzee Mlekwa, akakohoa, akaomba radhi, akaingiza mtaimbo tena.

"Askari! Wazuie!"

Askari wa zamu alinyanyua bunduki. Kisha akakumbuka anayewazuia ni nani. Alifikiri sana, mpaka jasho likamtoka puani. Mwishowe aliegemeza bunduki ukutani, akashika upande wa pili wa jiwe lililokuwa linawashinda. Muda mfupi baadaye akaiondoa bunduki pale, kwa sababu ukuta nao ulikuwa unahitajika.

Baraza ya Mkuu wa Wilaya ilipanda kilimani siku hiyo. Ikafuata jukwaa la hotuba, msingi wa kituo cha polisi, na mnara wa kumbukumbu ya Uamuzi wa Busara, ambao hata hivyo hakuna aliyekumbuka ulikuwa uamuzi gani. Bwana Mkwizu aliwafuata kila mahali akitafuta kosa, na kila mahali alikuta utii. Sijawahi kumwona mtu akiteseka namna ile.

Halafu wakafika barabarani. Chini ya lami, kote hadi mji mkuu, kulikuwa na kokoto za Ngamba. Walianza kuzichimbua kwa uangalifu, Dakta akizikagua. Gari refu jeusi lilikuja likasimama ukingoni mwa shimo. Alishuka bwana mmoja mnene mwenye miwani ya dhahabu. Sitamtaja. Ni yule mwenye kampuni ya kokoto, asiyejulikana.

"Nani amewaagiza ujinga huu?"

"Serikali, mzee," alisema Bi Sikujua. "Kila jiwe, popote lilipo. Eti na wewe kwako unalo?"

Yule bwana alitazama kokoto nyekundu mkononi mwa Dakta, kama mtu aliyekutana na mtoto wake wa nje mbele ya mkewe. Alirudi garini, akapiga simu mji mkuu.

*

Tangazo nililiandika mimi, kama nilivyoagizwa. Lilisomwa redioni mchana.

"Serikali inapenda kuwaarifu wananchi kwamba hakuna, na haijapata kuwepo, kilima kinachoitwa Ngamba. Hakuna jiwe lililotoka huko. Wananchi waendelee na shughuli zao."

Ramani mpya zilichapishwa. Mheshimiwa Luhende alihamishiwa wilaya yenye nyumba nzima. Kampuni ya kokoto iliondoa mashine zake, kwani haikuwezekana kuipa kibali cha kupasua kitu kisichokuwepo. Dakta Mwanaheri alifukuzwa kazi kwa kosa la kuchimba mahali pasipokuwepo. Jumba la makumbusho lilikataa vigae vyake kwa adabu, kwa kuwa havikuwa vimetoka popote.

Nilimkuta kwa Bi Sikujua, amekaa juu ya sanduku lake la bati, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Kazi yangu yote, Bwana Habari," alisema. "Miaka yote ile. Nani ataamini?"

"Kilima je?" Mzee Mlekwa aliuliza. Kifua chake kilikuwa kimeanza kupata nafuu.

Dakta alijifuta macho kwa kofia, akatazama nje. "Kilima kimepona," alisema.

Ilikuwa imebaki amri ya kuhama. Hakuna aliyeifuta, maana hakuna aliyetaka kuitaja. Baada ya mavuno Bwana Mkwizu alikuja mwenyewe na lori tupu nyuma yake. Jua lilikuwa kali, la alasiri. Alisimama katikati ya kijiji, watu wakakusanyika, akasoma kwa sauti ya kiofisi.

"Wakazi wote wa chini ya Kilima..."

Akanyamaza.

"Kilima gani, mwanangu?" Bi Sikujua aliuliza kwa upole.

Bwana Mkwizu alinyanyua macho. Kilima Ngamba kilikuwa mbele yake, kimejaza nusu nzima ya mbingu, na ukuta wa kale ukionekana kichwani mwake. Mtu aliyefunzwa maisha yake yote kuona kila kitu alikitazama kwa muda mrefu. Alitutazama na sisi, mmoja mmoja, akishuku, akitafuta nani atakayekuwa wa kwanza kukiona. Hakuna aliyekiona. Mimi nilikuwa nikiangalia viatu vyangu.

"Sikioni," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Basi kaa upumzike, baba. Jua hili litakuua."

Walimletea kigoda na maji ya mtungini. Aliyanywa taratibu. Jua lilishuka nyuma ya kilima, na kivuli kikubwa, cha baridi, kikaja polepole juu ya mtama, kikafika kwenye nyumba, kikamfunika yeye na kigoda chake.

Bwana Mkwizu alivua kofia. Alitazama ardhi iliyoingia giza miguuni pake, mbali na mti wowote.

"Kivuli hiki ni cha nini?" aliuliza.

"Cha wingu," alisema Bi Sikujua.

Bwana Mkwizu alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata utepe wa wingu. Kisha akamgeukia dereva, akamwamuru alisogeze lori kivulini.